Fasihi ya zamani iwaingie wanafunzi kweli: mwongozo kamili wa kufundishia, kutoka Tabora

Walimu wenzangu wa Kiswahili na Historia, habari za kazi. Hii ni ndefu kidogo, vumilieni, maana kila tukikutana kwenye semina au usahihishaji swali ni lile lile, hivi hawa watoto tunawafundishaje tamthilia ya Majimaji au maandishi ya enzi za misafara wakati wao wanaona ni habari za watu waliokufa zamani huko, wanachotaka ni notsi za dhamira, ujumbe na falsafa wakariri waende wakamwage kwenye mtihani. Na wanamwaga kweli. Unakuta dhamira ya "ukombozi" kwenye rundo zima la karatasi, maneno yale yale, mfano ule ule, na hakuna hata mmoja anayekwambia nani alitaka kukombolewa, kutoka kwa nani, na alikuwa tayari kupoteza nini.

Mimi naamini hivi: mwanafunzi aingizwe kwanza ndani ya kisa, awe mtu fulani mwenye mzigo, mwenye njaa, mwenye cheo au mwenye deni, ajue anaogopa nini, alafu ndo muanze kuongelea dhamira. Akishaingia atazitoa mwenyewe na hatazisahau. Ukianza na orodha ya dhamira ubaoni, kitabu chenyewe hatakifungua tena, atakifungulia nini wakati umeshammalizia kazi?

Vifaa ni vya kawaida kabisa: chaki, manila chache, maka peni, kamba ya katani, ndoo ya lita 20, punje za mahindi au maharage, na simu yako mwalimu yenye kurekodi. Darasa likiwa na watu 80 na vitabu kumi bado inafanyika. Nitatumia mifano ya maandishi mawili makuu: ile simulizi ya maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara ya pembe na watumwa wa karne ya 19, na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, inayohusu vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Ukiwa na kitabu kingine cha silabasi chenye historia ndani, kwa mfano Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi na ile Zanzibar yake ya wakati wa Mwingereza, hatua ni hizi hizi.

Hatua ya 1: Chagua kipande, usichukue kitabu kizima

Chagua ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili. Kipande kizuri ni kile ambacho ndani yake kuna mtu anatakiwa aamue jambo, au kuna mtu anatajwa lakini haongei. Ukikosa fotokopi (na wengi tunakosa, steshenari zenyewe bei juu) andika kipande kwenye manila mbili kwa herufi kubwa, bandika ukutani, iache hapo wiki nzima. Wanafunzi watakisoma hata wakati wa kusubiri uji.

Kwa Tabora simulizi ya Tippu Tip ni mali yetu kabisa na sijui kwa nini tunaiacha. Jamaa aliisimulia mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee Zanzibar, Mjerumani anaitwa Heinrich Brode akaiweka kwenye herufi za Kirumi, ikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, baadaye ikatolewa tena huku Afrika Mashariki. Mwenyewe akafariki 1905. Anaanza na utoto wake, alivyokuwa na miaka 12 akifanya safari fupi za biashara ya sandarusi, kisha safari ndefu za bara na baba yake. Na baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu mzito hapa Tabora, alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mwambie hilo mwanafunzi anayekaa Ng'ambo au Isevya, kwamba kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Ulaya zaidi ya miaka mia iliyopita kinaongelea watu wa mji wake, utaona anavyokaa vizuri kwenye dawati.

Kiswahili chake ni cha zamani, ndio, kuna "nalikwenda" na "frasila" na maneno ya biashara. Usikitafsiri chote. Wape maana za maneno matano yasiyokwepeka, mengine wayabahatishe wenyewe kwa kusoma kabla na baada ya neno lenyewe.

Hatua ya 2: Waanze na mwili, kitabu kifuate

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote na haina gharama. Jaza ndoo ya lita 20 maji, iweke mbele ya darasa. Hiyo ni kilo 20. Sasa waambie mzigo wa pagazi, yaani mbeba mizigo wa msafara, wa njia ya Bagamoyo hadi Tabora ulikuwa kama kilo 30, frasila mbili hivi, yaani hiyo ndoo na nusu nyingine juu yake. Aliyezoea kubeba maji kutoka bombani ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Toka nao nje. Wanaotaka, tena kwa hiari yao (usimlazimishe mtu, na mwenye tatizo la kiafya asiguse), wabebe ndoo waende nayo urefu wa uwanja mmoja tu, mita 100, wakipokezana. Wengine watembee pembeni wanaandika kwenye daftari wanachokiona: shingo inakaaje, mtu anaongea au amenyamaza, anaangalia wapi, jasho linaanzia wapi. Hapo utashangaa, maana mbebaji akifika nusu ya uwanja anaacha kuongea kabisa na anaanza kuangalia chini hatua moja moja, na wale waandishi wanaliona hilo bila kuambiwa. Rudi nao darasani, piga hesabu ubaoni. Kutoka pwani mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya reli ya leo, kwa hiyo ule uwanja ni mara elfu nane. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwezi wa tatu 1871 akafika hapa mwezi wa sita, miezi mitatu hivi.

Baada ya hapo ndo soma kipande cha safari kwa sauti. Mstari unaosema tu kwamba tuliondoka mahali fulani tukafika mahali fulani, ambao juzi ungepita hivi hivi, sasa wanausimamisha wenyewe: "Mwalimu ngoja, walibebaje pembe za ndovu huko?" Hilo swali ndo ulikuwa unalitafuta.

Kuna jambo la kihistoria uliweke sawa mapema, maana wanafunzi wengi wanachanganya. Mapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kuajiriwa, wanaingia mkataba, wanalipwa kwa nguo za merikani, shanga au waya, wanagoma wakidhulumiwa, na kazi ya safari kwa vijana wa huku ilikuwa na heshima yake. Na kwenye njia ile ile walipita pia watu waliotekwa na kuuzwa, ambao hawakuajiriwa na mtu. Wote wawili wako barabarani na wote wamebeba. Mwanafunzi akiweza kuwatofautisha hawa wawili atasoma kila kitabu cha enzi hizo kwa macho mengine.

Hatua ya 3: Ramani ya uwanjani

Chukua kamba ya katani, ilaze chini uwanjani kutoka mashariki kwenda magharibi. Weka vituo kwa majivu au chaki: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora (Unyanyembe), Ujiji. Kila kituo kina kundi na kadi ya manila inayosema hapo wako akina nani na wanataka nini. Ugogo wanadai hongo ya kupita na wana maji, Tabora kuna wafanyabiashara, watemi na mapagazi wapya, Ujiji kuna ziwa na soko. Kundi la msafara, likiongozwa na kirangozi wao, linatembea na mali yake, tuseme punje 60 za mahindi, na kila kituo wanajadiliana: mtatoa ngapi mpite, mtanunua chakula cha ngapi, nani ameugua anabaki. Jadiliano liwe dakika tano tano, ukiziachia zaidi wanasahau kusoma.

Kila kituo lazima kiwe na sentensi moja au mbili kutoka kwenye maandishi, mtu anaisoma kwa sauti kabla ya mjadala kuanza. Bila hiyo inakuwa mchezo wa kawaida tu na mkuu wa shule akipita atakuuliza somo liko wapi, na atakuwa na haki.

Mkimaliza wakae chini pale pale waandike aya moja: msafara ulifika Ujiji na punje ngapi, na nani alizipata zile nyingine. Uchumi wa karne ya 19 wote umo kwenye hiyo aya, na mwalimu wa Historia atakushukuru.

Hatua ya 4: Kiti cha shahidi

Weka kiti kimoja mbele. Anakaa mwanafunzi ambaye ameshajiandaa usiku uliopita kuwa mhusika mmoja, wengine wanamhoji. Mchezo huu wengi mnaujua, ila mara nyingi unaharibika sababu anayejibu anabuni anavyotaka. Dawa yake ni sheria mbili. Jibu likiwa limeandikwa kitabuni, anainua kitabu juu na kutaja ukurasa. Jibu likiwa ni la kukisia, anaweka mkono kifuani na lazima aseme anakisia kwa kutumia nini. Darasa lina haki ya kumpinga, na akisema kitu ambacho wakati ule hakikuwepo (mara nyingi ni treni, nao wanasahau kwamba reli ilifika Tabora 1912) anapoteza zamu.

Wahusika wazuri ni wale wanaotajwa kidogo. Karunde ni mfano bora, yupo kwenye simulizi sababu ya ndoa yake, lakini yeye mwenyewe hatumsikii. Binti mmoja wa fomu tuu alikaa kwenye hicho kiti, akaulizwa kama alifurahi kuolewa. Akaweka mkono kifuani, akajibu: "Baba alihitaji bunduki na nguo, mgeni alihitaji njia na mapagazi. Mimi nani aliniuliza?" Mvulana wa nyuma akadai ukurasa. Akamwambia ukurasa hakuna, ndo maana mkono uko kifuani, kama unao ukurasa ambao mimi naulizwa nisomee. Darasa zima likaanza kupekua manila zilizobandikwa ukutani kutafuta. Wanafunzi wanatafuta ushahidi bila kutumwa, unataka nini tena?

Kutoka hapo kazi ya kuandika ni rahisi: kila mtu achague mtu mmoja asiyeongea kwenye kipande, pagazi, mpishi wa msafara, mke aliyebaki nyumbani, mtu aliyetekwa, aandike ukurasa mmoja wa mambo yake. Mistari yenye ushahidi waipigie mstari chini kwa kalamu, ya kukisia waiache. Ukikusanya unaona kwa jicho tu nani amesoma na nani ametunga.

Kabla hujaendelea: suala la utumwa

Naomba hapa tuelewane. Usifanye igizo la mnada wa watumwa. Usimfunge mwanafunzi kamba hata ya utani, usimweke mtoto mmoja awe "mtumwa" na mwingine awe "bwana", na usiulize nani kwao walikuwa watumwa au walikuwa na watumwa. Huku kwetu na Ujiji hizo habari bado ziko kwenye familia, kuna nyumba zinazojulikana na zisizosemwa, na mtoto anaweza kubebeshwa jina ambalo darasa halitamvua mpaka anamaliza fomu foo. Mateso yasomwe kwenye maandishi, yaandikwe, yajadiliwe kwa heshima, mkitaka nyamazeni dakika moja. Kuyaigiza hapana. Na ukiona mtoto amebadilika katikati ya kipindi, mwache atoke, umfuate baadaye taratibu bila kumuuliza mbele za watu.

Hatua ya 5: Simamisha kabla ya uamuzi

Hii ni kwa tamthilia hasa, na Kinjeketile ndo yenyewe. Someni mpaka pale mwishoni ambapo Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani na anatakiwa aseme kwamba maji, ile dawa aliyowapa watu risasi za Mjerumani zisiwadhuru, yalikuwa uongo. Funga kitabu. Kweli, kusanya nakala zote uweke mezani kwako, maana wajanja wataruka kurasa.

Chora mstari kwa chaki katikati ya darasa. Wanaoona anapaswa kusema maji yalikuwa uongo, ili watu wasiendelee kufa, wakae kulia. Wanaoona asiseme, kushoto. Anayesimama juu ya mstari anaruhusiwa lakini atatakiwa aongee wa kwanza. Hoja inasemwa kwa nafsi ya mtu wa kwenye tamthilia, nani anaongea, amepoteza nani. Mtu akishawishika anavuka, haulizwi, na hilo la kuvuka ndo tamu yake, maana darasa linaona kwa macho hoja ikifanya kazi. Andika pembeni ni hoja ipi ilivusha watu.

Alafu wagawie vitabu wasome mwisho. Anakataa kusema, kwa sababu akisema hivyo watoto na wajukuu wataambiwa kwamba hata kule kuungana na kupigana kulikuwa upuuzi. Wa kulia watabisha na mwandishi. Waache wabishe, huo ndo uhakiki wenyewe.

Kipindi kinachofuata weka jedwali la safu mbili ubaoni, historia upande mmoja na tamthilia upande mwingine. Kinjeketile Ngwale wa kweli aliishi Ngarambe, akanyongwa na Wajerumani mwezi wa nane 1905 vita ikiwa ndo kwanza inaanza, na vita ikaendelea mpaka 1907. Kwenye tamthilia mwandishi anamfikisha mpaka kwenye kushindwa, ayaone matokeo ya maji yake. Mwandishi mwenyewe amesema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, asichukuliwe kama yule wa historia. Sasa uliza swali moja tu na uliache liwasumbue: kwa nini mwandishi wa 1969, miaka minane baada ya uhuru na miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alimhitaji huyu mtu awe hai mpaka mwisho? Usijibu. Mjadala wa kikundi, watu watano watano, kila kikundi kilete jibu na tukio moja la kwenye kitabu. Majibu mengine yatakushangaza kwa uzito, na ndo yale yanayotakiwa kwenye swali la "jadili namna historia ilivyotumika".

Sababu za vita nazo wasizikariri. Pamba ya kulima kwa lazima chini ya maakida, wale wasimamizi wa Mjerumani, watu wa wakati ule waliiona kwa macho, ndo maana vita ilianza kwa kung'oa mipamba. Wape kila kikundi maharage 30, kila moja ni siku ya kazi ya mwezi, alafu wewe kama akida pita uchukue ya shamba la serikali, waambie na kodi bado. Yaliyobaki walime chakula chao. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 6: Watoke kwenda kwa wazee

Msiende na swali la "tuambie historia ya Tabora", mzee atakupa hotuba ya shuleni. Maswali madogo ndo yanafungua: hii miembe nani aliipanda? Ulipokuwa mdogo kulikuwa na wimbo gani wa safari au wa kulima? Jina la mtaa huu limetoka wapi? Treni ikifika watu walikuwa wanafanyaje? Babu yako alikuwa anakusimulia nini kuhusu watemi Mirambo au Isike?

Kila mwanafunzi aanze na wa kwao au jirani anayemjua. Shikamoo kwanza, mkono usiwe mtupu, sukari robo au sabuni inatosha, na kurekodi ni mpaka mwenyewe akubali baada ya kuambiwa sauti itasikilizwa na nani. Akisema hili msiliandike, haliandikwi. Kinyamwezi kikitoka kiacheni kama kilivyo, andikeni kwa matamshi, tafsiri itafuata darasani na wapo wanafunzi watakaoona kwa mara ya kwanza kwamba lugha ya bibi yao ina kazi kwenye somo.

Wakirudi, weka simulizi ya mzee na kipande cha kitabu bega kwa bega, vinavyokubaliana na vinavyogombana. Wasihukumu haraka kwamba mzee kasahau. Mfano Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyepigana na Wajerumani mpaka ngome yake ikavunjwa Januari 1893, simulizi inayosikika zaidi ni kwamba aliwasha baruti ndani ya ngome kuliko kutekwa, lakini kila mtaa una namna yake ya kuimalizia. Wanafunzi waulize, anayeisimulia hivi anataka tumkumbukeje?

Ukiweza kupata ruhusa na nauli, Kwihara kwenye tembe la Livingstone ni nje kidogo tu ya mji. Aliondoka hapo mwezi wa nane 1872 kwenda safari yake ya mwisho. Mkifika msiishie kusikiliza maelezo na kupiga picha. Kila mtu akae peke yake robo saa aandike nani mwingine alikuwa kwenye nyumba hii, nani alipika, nani alichota maji, na mtu huyo angeandika nini kwenye shajara kama angekuwa na karatasi.

Hatua ya 7: Utenzi kama taarifa ya habari

Watoto wanaogopa ushairi sababu tunauanza na vina na mizani kama adhabu. Waambie ukweli, tenzi za vita zilikuwa habari. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliandika utenzi wa Wajerumani kuitwaa pwani ya Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akaandika wa Majimaji, watu walisomewa wakajua nini kimetokea na nani alikuwa jasiri. Kwa hiyo na wao watoe habari moja ya Tabora ya zamani kwa utenzi, Isike, au Wabelgiji kuingia mjini Septemba 1916, au kile alichosimulia bibi.

Kanuni ni ndogo. Mistari minne, mizani nane kila mstari, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne unabeba kina cha utenzi mzima. Mizani wahesabu kwa punje za mahindi, silabi moja punje moja, wakiwa wawili wawili. Mfano wa kuwaanzishia:

Isike yumo ngomeni
Baruti iko chumbani
Adui yuko langoni
Mji wote watulia

Waendelee wao ubeti wa pili, wa tatu, kila kundi moja, mstari wa nne uishie na "-ia" kama huu. Mkishaunganisha wote mnapata utenzi wa darasa, mwenye sauti nzuri auimbe, wewe rekodi kwa simu uwachezee mstarini asubuhi kwa spika ya shule. Wale wakimya wa nyuma ndo mara nyingi wanaibuka hapa, sijui kwa nini, labda sababu punje hazibishani na mtu.

Hatua ya 8: Kuirudisha kwenye mtihani

Bila hatua hii wazazi na taaluma watakuuliza na watakuwa sahihi. Kila shughuli imalizike kwa aya moja ya mtindo wa mtihani: nani, yuko kwenye hali gani, anafanya nini (tukio la kitabuni), na hilo linaonesha nini. Mpangilio huo huo kila siku mpaka uwe mazoea. Dhamira inakuja mwisho wa aya, yeye mwenyewe ndo anaipa jina.

Maksi natoa hivi kwa 20: ushahidi wa kwenye maandishi 8, usahihi wa wakati na mazingira 4, hoja yake mwenyewe 5, lugha 3. Uigizaji hauna maksi, kwa makusudi kabisa, ili mwenye aibu asipotee na msanii wa darasa asipate za bure. Aliyekaa pembeni akiandika ana nafasi sawa.

Kuhusu muda, usijaribu zote kwa muhula mmoja. Ndoo na kusoma kwa sauti vinaingia kipindi kimoja cha dakika 40. Ramani na mstari wa chaki vinataka dabo, vipindi viwili mfululizo. Wazee ni kazi ya wikendi. Ukiwa na mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili mnayeelewana, gawaneni, yeye ramani na jedwali, wewe kiti cha shahidi na utenzi, mtaokoa vipindi vingi.

Kwa walimu wa Kigoma

Ninyi mna hazina ya kwenu. Kamba ya uwanjani igeuzeni ianzie Ujiji, msafara urudi pwani na pembe, maana darasa litawaza tofauti kabisa likianzia kwenye mzigo wa kurudi. Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kila mtu anaijua hiyo salamu yao, kwa hiyo kwenye kiti cha shahidi wawekeni watu wa sokoni waliokuwa wamesimama wanaangalia wazungu wawili wakivuliana kofia.

Na kwa Kinjeketile mna kitu ambacho sisi Tabora hatuna. Ile meli ya Liemba ilipotengenezwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa ziwani hapo Kigoma 1915 iliitwa Graf von Goetzen, jina la gavana aliyekuwa anatawala wakati wa Majimaji. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 wakikimbia, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya. Wapeni wanafunzi hizo tarehe ubaoni mkishamaliza kusoma tamthilia, muwaambie waandike mazungumzo ya kurasa mbili kati ya Kitunda, mmoja wa wahusika wa tamthilia, na baharia wa Kigoma anayejua meli ile iliitwa nani, sheria ya kitabu juu na mkono kifuani iwe pale pale.